MALIMBUKO YA MTAMA: SHUKRANI YA MAVUNO HUANZIA JIKONI

Akina mama wapendwa, mavuno ya kwanza yaliyotoka shambani kwenu mwaka huu yalikwenda wapi? Yaliingia chunguni, yalipanda lori, au yalitangulia mbele za Mungu? Huenda swali hili likaonekana dogo. Mimi lilinigharimu machozi, na ndiyo maana ninawaandikia.

Niliolewa Mtinko nikiwa sijawahi kushika suke la mtama. Nilizaliwa na kukulia mjini Tanga, mahali ambapo unga ulitoka dukani na mvua ilikuwa jambo la mwavuli tu. Mtinko iko kaskazini mwa mji wa Singida, ukipita Ilongero. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa jembe na ng'ombe. Mvua zake ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha karibu na mwezi wa nne au wa tano. Ukiukosa msimu huo, hakuna mwingine wa kukuokoa. Kwa hiyo mtama na uwele unapokomaa, kila mtu anajua kwamba amepewa kitu ambacho angeweza kunyimwa.

Siku ile niliyofunga mlango

Ilikuwa mavuno yangu ya kwanza. Watoto walikuwa wamemaliza majuma mengi shambani wakiwafukuza kwelea kwelea kwa kelele na makopo. Alfajiri moja mama mkwe wangu alipita mlangoni pangu akiwa na kisu na kikapu kidogo, akaniambia nimfuate. Alitembea polepole kati ya mistari akichagua masuke yaliyojaa vizuri. Hakuchukua yale yaliyodonolewa na ndege. Tuliporudi aliyapura, akapepeta kwa ungo, kisha akaanza kusaga kwa jiwe.

Nikamwuliza, "Mama, mbona mashine ipo pale senta? Si nikimbie mara moja?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ya kwanza tunasaga kwa mkono, mwanangu. Mashine itasaga mengine."

Jioni alisonga ugali, ukaandaliwa kwa mlenda. Waliitwa watoto wa nyumba zote za ukoo. Aliitwa pia mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye shamba lake lilikuwa limemalizwa na ndege. Hakuna mkubwa aliyegusa chakula kabla ya mzee wa ukoo kusimama. Mzee alishukuru kwa mvua, kwa mifugo na kwa watoto waliozaliwa mwaka ule. Kisha akawataja wazee waliokwisha kufa, mmoja mmoja, akamwaga chini pombe kidogo ya mtukuru.

Hapo nilishtuka. Tangu shule ya Jumapili nilikuwa nimefundishwa kwamba mambo kama hayo ni ya mizimu. Niliinuka mbele ya watu wote, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Mume wangu aliona aibu. Mama mkwe hakunikemea hata kidogo. Aliifunika sahani yangu kwa ungo, akaiacha hapo.

Juma la tatu baada ya siku ile, wanunuzi walifika na lori. Mimi na mume wangu tulikuwa vijana, tulitaka bati za nyumba yetu. Tulikuwa na magunia kumi na moja, tukauza manane, tena ya lumbesa, kwa bei waliyoipanga wao. Tulifurahi sana. Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne, kisha kukawa na wageni, kisha vibarua wa kupalilia waliohitaji kula. Ilipofika Januari, kilindo chetu kilikuwa kitupu, nami nilikuwa mzazi wa majuma matatu, maziwa yananipungua. Gunia kama lile tuliloliuza Juni sasa lilihitaji fedha zaidi ya mara mbili.

Usiku mmoja nilisikia hodi. Alikuwa mama mkwe, ana debe la mtama kichwani. Aliliteremsha ndani, akaketi, akapumua.

"Hili ni lako," aliniambia. "Nililitenga siku ile uliyofunga mlango."

Nililia. Sikulia kwa ajili ya njaa pekee. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeiona pombe iliyomwagwa, nikadhani nimeiona shughuli yote.

Kumbe kulikuwa na kazi ya pili

Baada ya ugali ule kuliwa, wakati mimi nimejifungia, wanawake wa ukoo walikuwa wameendelea. Kila mmoja alikwenda kwenye ghala lake akakadiria alichonacho. Walitenga mbegu ya mwaka ujao, wakatenga chakula cha miezi ya kulima na kupalilia, wakatenga na kidogo kwa ajili ya mgeni na asiyepata. Ndipo yaliyobaki yakaitwa ya kuuza au ya kubadilisha na mbuzi na ng'ombe. Mama mkwe alikuwa ametenga fungu la nyumba yangu kutoka katika ghala lake mwenyewe, kwa kuwa mimi sikuwapo.

Koo hazifanani, na kila nyumba ina namna yake. Lakini jambo hili nililishuhudia kwa macho yangu mwaka uliofuata na miaka mingi baadaye: shukrani ya mavuno ilikuwa siku ya kula pamoja na pia siku ya kuhesabu. Mama aliyeshukuru alijua ana debe ngapi. Na mjane aliyekula ugali wa kwanza alijulikana na watu wote kwamba mwaka huu hakupata, hivyo hakuhitaji kupita nyumba kwa nyumba akiomba kwa aibu.

Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe inalo neno la jambo hili. Kulimbua ni kula au kuchuma kwa mara ya kwanza mazao mapya ya msimu, na mazao hayo ya kwanza huitwa malimbuko. Neno haliwezi kuwapo katika lugha ya watu kama watu wenyewe hawakuwa na desturi hiyo. Babu zetu walijua kwamba tonge la kwanza si sawa na tonge la kumi.

Malimbuko katika Biblia

Msomaji anayeifahamu Biblia yake ameshakumbuka mbali. Katika Mambo ya Walawi sura ya 23, Waisraeli waliagizwa wasile mkate wala bisi za nafaka mpya mpaka wawe wamemletea kuhani mganda wa malimbuko. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mtu aliweka malimbuko ya nchi katika kikapu, akakipeleka mbele za Bwana, akasimulia jinsi baba zake walivyokuwa wageni na watumwa Misri na jinsi Mungu alivyowatoa. Kisha akafurahi yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi na mgeni aliyekaa kwao.

Tazameni mambo matatu yaliyomo humo: kikapu, kumbukumbu ya wazazi, na mgeni mezani. Mama mkwe wangu wakati ule hakuwa amejua kusoma, lakini yote matatu alikuwa nayo. Tofauti ilikuwa katika kumbukumbu. Mwisraeli aliwataja baba zake kwa Mungu. Hakuwaomba baba zake wampe mvua. Hapo ndipo mpaka wetu sisi Wakristo ulipo, na mpaka huo hauna sababu ya kutufanya tukitupe kikapu na mgeni pia.

Majirani zetu na watu wa mbali

Desturi ya kushukuru kwa mavuno haikuwa ya nyumba moja. Wanyaturu hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwaamuru wote. Mambo haya yalikuwa mikononi mwa koo na wazee wake. Ndugu zetu wa Ihanzu, ambao siku hizi wako Wilaya ya Mkalama katika mkoa huu huu wa Singida, walikuwa na utaratibu mwingine. Kwao ibada za mvua za kuanza mwaka wa kilimo zilifanyika Kirumi, chini ya viongozi wawili wa ukoo wa kitawala, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mtama wa kutengenezea pombe ya shughuli hiyo ulichangwa kutoka nyumba nyingi. Akina mama, hilo lina jambo la kutufikirisha: wazee wale waliona kwamba mvua haiwezi kuombwa na upande mmoja.

Rwanda walikuwa na Umuganura, sikukuu ya mavuno ya kwanza, ambayo mtama na ulezi vilikuwa na nafasi kubwa na mfalme mwenyewe alishiriki. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku, na Gashamura, aliyekuwa mkuu wa wazee wa ibada za kifalme, akahamishiwa Burundi. Hata hivyo familia hazikusahau. Mwaka 2011 sikukuu hiyo ilirudishwa kitaifa, na siku hizi huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Katika siku hiyo watu hukumbushwa kuwagawia wale ambao mwaka huo hawakuvuna vya kutosha, na watoto hunyweshwa maziwa. Mtaona kwamba katazo la mtawala halikuwa na nguvu kuliko sufuria la mama.

Wako na ndugu zetu wa asili ya Afrika walioko Marekani. Mababu zao walichukuliwa utumwani, wakanyang'anywa lugha na mashamba. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha huko sikukuu iitwayo Kwanzaa, jina lililotokana na maneno ya Kiswahili "matunda ya kwanza". Husherehekewa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi Januari mosi. Familia hutandika mkeka, huweka mazao na mahindi juu yake, na kila siku huwasha mshumaa mmoja kati ya saba. Kila mshumaa una neno lake la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Tarehe hizo huku Mtinko si za kuvuna kabisa. Ni za kupanda, na maghala mengi yameanza kupungua. Lakini sikukuu yao inanigusa. Watu waliopoteza mashamba walitafuta malimbuko ili wapate kuwa familia tena. Sisi tunao mashamba. Je, tutayapoteza malimbuko kwa hiari yetu?

Tulichoacha na tulichoshika

Baada ya debe lile, nilimwendea mama mkwe nikamwomba radhi. Nikamweleza pia, kwa adabu, jambo lililonisumbua. Nilimwuliza, "Mama, siku ile mnamshukuru nani hasa?"

Alifikiri kwa muda. Akasema, "Mwanangu, mtama sikuuumba mimi, na wazee waliolala hawakuuumba. Lakini wao ndio walionifundisha kuulima. Nisiwataje?"

Swali hilo lilikuwa zito kwangu. Mimi na mume wangu tulilipeleka kwa mchungaji wetu, na baadaye tukaketi na wazee wa ukoo. Hatukuafikiana kwa siku moja. Ilichukua mavuno matatu. Mwishowe tulikubaliana hivi kwa nyumba yetu: wazee waliotangulia watatajwa, kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini hawataombwa kitu. Mahali pa mtukuru tutaweka togwa, na togwa itanywewa, haitamwagwa. Sala itamtangulia kila mtu. Na kikapu, jiwe la kusagia, mjane na hesabu ya ghala vitabaki kama vilivyokuwa.

Mzee mmoja hakukubali mpaka alipofariki. Tuliendelea kumheshimu na kumpelekea chakula chake. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 8 na ya 10, anawafundisha Wakristo waliokuwa na mashaka kuhusu vyakula na sadaka za sanamu. Anataka tuikimbie ibada ya sanamu, na papo hapo anataka ujuzi wetu usimkwaze wala kumdharau ndugu. Mimi siku ile nilikuwa na ujuzi. Upendo ndio ulionipungua.

Shukrani ya kanisani isiwe mashindano

Siku hizi makanisa mengi yanayo Sikukuu ya Mavuno. Waumini huleta mtama, mahindi, alizeti, kuku, mayai, maboga na mbuzi mbele ya madhabahu, na baada ya ibada hufanyika mnada. Ni siku nzuri. Kwaya zinaimba, watoto wanacheka yai moja linaponunuliwa kwa bei ya kuku.

Lakini tuwe waangalifu. Nimeona mwanamke akibaki nyumbani Jumapili hiyo kwa sababu hakuwa na cha kubeba. Nimeona baba akitoa gunia zima ili jina lake litangazwe, na mkewe nyuma yake anajua kwamba gunia hilo ndilo lililokuwa la Februari. Malimbuko ya Biblia yalimwingiza mgeni karamuni, hayakumfungia nje. Ikiwa siku ya mavuno inamfanya mjane ajifiche, tumeigeuza. Vikundi vya akina mama vinaweza kusaidia sana hapa. Juma moja kabla ya sikukuu, pitieni nyumba za wagonjwa, wajane na wazee. Wapelekeeni kidogo, ili nao waje na mkono wenye kitu.

Mambo ya kufanya nyumbani kwako

1. Lete malimbuko kabla ya kuuza. Chagua yaliyo bora, hata kama ni masuke kumi. Mkiwa mjini msio na shamba, mshahara wa kwanza wa mwaka au faida ya kwanza ya genge pia ni malimbuko.

2. Hesabuni pamoja, mke na mume, siku hiyo hiyo. Mfano: watu sita wanaokula wastani wa nusu kilo ya nafaka kwa siku kila mmoja, wanamaliza kilo tatu. Debe la kilo 18 litakwisha kwa siku sita. Kwa mwaka mzima mnahitaji madebe 61, yaani magunia kumi ya debe sita na debe moja juu yake. Hesabu hiyo iandikwe ukutani kabla lori halijafika.

3. Tengeni mbegu, chakula cha miezi ya kupalilia, na fungu la asiyepata. Ndipo mseme neno la kuuza.

4. Hifadhini vizuri. Kausheni nafaka mpaka punje ivunjike kwa sauti chini ya jino. Mahindi hasa hushambuliwa na dumuzi. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa huzuia wadudu bila dawa, mradi ifungwe vizuri na isitobolewe na panya.

5. Waiteni watoto. Mtoto aliyewafukuza ndege asile ugali wa kwanza bila kuambiwa kwamba kazi yake imeonekana.

6. Semeni majina ya waliowafundisha kulima, na mmshukuru Mungu kwa ajili yao.

Mama mkwe wangu alifariki akiwa mzee sana. Jiwe lake la kusagia liko uani kwangu, na mara moja kwa mwaka linalowa unga. Mwaka jana nilimchukua mkazamwana wangu, binti aliyezaliwa mjini kama mimi, tukaenda shambani alfajiri na kikapu. Tuliporudi akatazama jiwe, akaniuliza, "Mama, si tupeleke mashineni?"

Nilimpisha aketi, nikamwonyesha jinsi ya kulishika. Alisaga kidogo, akachoka, akacheka. Jioni hakula sana, nami sikumlazimisha. Lakini tulipomaliza kula alinifuata ghalani na daftari, akaniuliza tuna madebe mangapi.